Pilipili Si Chungu

Mhariri Mkuu wetu aliandika kwamba pilipili ni chungu, na mimi ndiye niliyempigia chapa. Naanza na hilo makusudi, maana nikishaanza kumsema yule bwana watu hudhani mikono yangu ilikuwa safi.

Ofisi ya kamusi ilikuwa ghorofa ya kwanza: vyumba viwili na jiko dogo ambalo halikupikiwa kitu zaidi ya chai. Maneno yalikaa kwenye kadi, na kadi zilikaa kwenye maboksi ya viatu yaliyopangwa ukutani kuanzia A. Kwa miaka tisa niliyokuwa pale tulikuwa tumetambaa mpaka P. Tulikuwa watatu tu. Mhariri Mkuu tulimwita Mzee Fasaha akiwa hayupo, kwa sababu hakuweza kuomba kikombe cha maji bila kutoa hotuba. Alivaa koti mvua na jua, kalamu tatu mfukoni, na mkobani mwake mlikuwa na mkate mweupe na yai la kuchemsha kila siku ya Mungu. Naibu wake nilimpachika jina la Naam, kwa kuwa ndilo neno pekee nililowahi kumsikia akilisema mbele ya mkubwa wake bila kusita. Wa tatu ni mimi, niliyesoma kidogo kuliko wote wawili na kujiona kuliko wote wawili.

Chini yetu, pale pale chini ya meza ya Fasaha, palikuwa na mashine ya kusaga viungo. Jumatatu na Alhamisi ilikuwa zamu ya pilipili. Ikifika saa nne asubuhi ule unga ulipanda, ukaingia dirishani, ukakaa kooni. Fasaha alipiga chafya sita au saba mfululizo, kila moja na kishindo chake. Naam alijibana, uso umemwiva, mpaka mkubwa amalize, ndipo aachie ya kwake moja ndogo. Nimeona watu wakijipendekeza kazini kwa namna nyingi, lakini ya kusubiri zamu ya chafya sijaiona kwingine.

Mwenye mashine alikuwa mke wa marehemu kaka yangu. Pale ofisini hawakulijua hilo. Nilihakikisha hawalijui.

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilipanda ngazi za mbele pamoja na Naam, aliyekuwa akinionyesha njia. Wifi alikuwa amekaa mlangoni kwake, kitambaa kimemziba pua na mdomo, kope zimejaa unga mwekundu, gauni limegeuka rangi ya tofali. Aliponiona alishusha kitambaa, akatabasamu kwa meno yote.

"Wifi, kumbe ni hapa?"

"Hujambo, mama," nilimjibu, kwa sauti ile ya kumjibu muuza karanga asiyekata tamaa, nikapita.

Naam akaniuliza, "Mnafahamiana?"

"Amenifananisha," nikasema.

Wifi alisikia. Nilijua amesikia, kwa sababu mkono wake ulibaki juu na kile kitambaa kama mtu aliyesahau alitaka kukifanyia nini. Kuanzia kesho yake nilitumia ngazi za nyuma, zile zinazopita vyooni na kwenye matangi ya maji. Miaka tisa nilipita vyooni ili nisipite kwa wifi yangu. Tukikutana kwenye misiba na harusi za ukoo alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya mgongo wangu, akanipa pilipili ya kusaga kwenye kopo la maziwa ya unga. Hakuniumbua hata mara moja. Mimi nikaona ni ujinga wake.

Basi tukafika P. Fasaha alisema herufi ile ina maneno mazito na ataiandika kwa mkono wake mwenyewe. Pilipili aliimaliza kabla ya chai, bila kuinuka kitini. Akaniletea kadi. Ilisema hivi: *pilipili, tunda dogo jekundu lililo chungu, la mmea wenye miiba, litumikalo kuficha ladha ya chakula.* Na mfano: *Mtoto alilia kwa uchungu wa pilipili.*

Niliisoma mara mbili.

"Mzee, samahani. Pilipili ni chungu?"

"Wewe unaonaje?"

"Dawa ya homa ndiyo chungu. Pilipili ni kali. Inawasha."

Akavua miwani. Akivua miwani ujue ukae, hutoki leo. "Ukali ni tabia," alisema. "Mbwa ni mkali. Mwalimu ni mkali. Baba mkwe ni mkali. Tunda halina tabia. Tunda lina ladha, na ladha yenye kuudhi ulimi ni uchungu. Tukianza kufuata maneno ya jikoni hatutamaliza kitabu."

"Na hii miiba?"

"Mmea unaojihami namna ile hauwezi kukosa miiba. Naibu, si ndivyo?"

"Naam," alisema Naam, ambaye mkewe alikuwa na mashina manne ya pilipili mbuzi nyuma ya jiko. Najua kwa sababu aliwahi kutuletea ofisini, na Fasaha akaamuru zitupwe.

"Hoho je? Na pilipili manga? Na zile za kijani?"

"Kijani ni ambayo haijaiva. Hizo nyingine zitasubiri toleo la pili. Kazi yako ni kupiga chapa, mama, si kupika."

Nikapiga chapa. Ningeweza kusema nilibisha zaidi, lakini sikubisha. Kilichoniuma hasa ni yale ya kupika. Nilijiambia kwamba kadiri nitakavyojua mambo ya pilipili mbele ya wale watu, ndivyo nitakavyofanana na yule mwanamke wa chini. Nikaacha.

Alhamisi ya wiki ile walikuja wageni wawili kutoka makao makuu, kuona kwa nini kamusi haiishi. Fasaha alikuwa ameandaa maneno ya kurasa nne. Alisimama, akashika ncha za koti, akasema, "Lugha ni," na mashine ya chini ikaanza. Sijawahi kujua alichotaka kusema. Alipiga chafya tisa. Mgeni mmoja akatoa leso, mwenzake akatoka nje kukohoa, na Naam akiwa amejibana akingoja zamu yake alipasuka ghafla juu ya sahani ya biskuti. Wageni walishuka ngazi wakifuta machozi. Nadhani mmoja wao alikuwa anacheka.

Fasaha hakula yai lake siku ile. Aliniita, akasimama dirishani akinipa kisogo, akanitamkia barua ya kupeleka kwa mwenye nyumba. Nikaiandika neno kwa neno. Kwamba kazi kubwa ya taaluma inahujumiwa na vumbi chungu la pilipili. Kwamba chanzo chake ni mwanamke mmoja asiye na elimu, anayesaga na kuuza bidhaa hiyo chungu katika hali isiyofaa. Kwamba aondolewe, au ofisi itaondoka.

Chini kushoto niliweka herufi mbili za jina langu, kama tulivyofundishwa chuoni, ili ijulikane nani amepiga chapa. Fasaha akasema ni vizuri tukitia sahihi wote watatu, ionekane ni jambo la wengi. Akatia yake, ndefu, yenye mkia. Naam akatia. Mimi nikatia. Nilichowaza ni kwamba akihama nitapita tena ngazi za mbele.

Mwenye nyumba alikuwa mtu wa kukwepa makelele. Aliona heri agombane na mwanamke mmoja kuliko wanaume wawili wenye makoti. Siku nne baadaye alipita kwa wifi, akampa mpaka mwisho wa mwezi, na kwa kuwa hakutaka kuonekana mbaya akamwachia ile barua aisome mwenyewe.

Ilikuwa Jumatatu. Mashine ilianza saa nne kama kawaida, Fasaha akafika chafya ya tatu, ikazimika. Tukasikia ndara zikipanda ngazi za mbele, taratibu, na wifi akasimama mlangoni. Alikuwa amenawa mikono na uso, lakini nyusi zilikuwa bado nyekundu. Barua alikuwa nayo mkononi. Hakuniangalia.

"Nani hapa ameandika kwamba pilipili yangu ni chungu?"

Fasaha akainuka. "Mama, ofisi hii hupokea wageni kwa miadi."

"Sikai. Nimeuliza kitu kidogo tu. Habari ya kuhama nimeisikia, nitahama. Habari ya chafya ni kweli, siwezi kubisha, hata mimi napiga. Na hii ya kukosa elimu nimeisoma mwenyewe mpaka mwisho na nimeielewa." Akakunjua karatasi. "Lakini mmeandika mara mbili kwamba nauza kitu kichungu. Pilipili ikiwa chungu ujue imeungua kwenye kukaangwa, au imevunda guniani. Miaka kumi na sita nasaga, hajatokea mteja akaniambia pilipili yako chungu. Leo mwenye nyumba amesoma hivi. Kesho atamwambia mkewe. Mkewe ananunua kwangu."

"Kitaaluma," alisema Fasaha, "maneno hayo mawili yana ujirani."

"Umewahi kuila?"

"Tumbo langu halipatani na viungo."

"Sikuuliza tumbo. Umewahi kuitia mdomoni?"

Fasaha alimtazama Naam. Naam alikuwa akisoma maandishi ya maboksi ya viatu, namba za miguu. Ilikuwa mara ya kwanza neno lake kumkwama.

"Basi umejuaje?" wifi aliuliza. Alingoja kidogo, kama mtu anayempa mteja muda wa kuchagua. Kisha akabenua midomo, akaja moja kwa moja kwenye meza yangu. Akaiweka barua juu ya vidole vyangu na kuniwekea kidole pale chini kushoto.

"Hawa hawajui, nawasamehe. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutojua. Wewe mama yako alikuwa anakukalisha jikoni kukaanga pilipili. Ulinihadithia ulivyoiunguza siku moja ikawa chungu, ukafinywa mpaka ukalala bila kula. Ulikuwa unacheka uliponihadithia."

Nyuma yangu Naam akauliza, kwa upole wake ule ule, "Mnafahamiana?"

"Ni wifi yangu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu anayeulizwa na daktari.

"Amenifananisha," wifi alimwambia Naam, akageuka, akashuka. Baada ya dakika mbili mashine ikawaka tena.

Fasaha alivaa miwani. Alisema tukio lile linathibitisha jinsi hisia zinavyovuruga taaluma. Akasema niandike kwenye kitabu cha wageni kwamba mgeni alifika bila miadi. Niliandika. Halafu nilikaa mpaka walipoondoka wote, nikafungua ukurasa wa pilipili kwenye kompyuta, nikafuta. Niliandika kwamba ni tunda kali la kuwasha, la rangi nyekundu, kijani au manjano, lililiwalo bichi, kavu au lililosagwa. Miiba nikaing'oa yote. Fasaha hakuwa na mazoea ya kusoma alichokwisha kukiandika, alijiamini mno kwa kazi hiyo. Naam ndiye aliyepitia kurasa. Aliona. Najua aliona kwa sababu alikaa na ukurasa ule muda mrefu, akanitazama, akauweka chini ya nyingine. Huo ndio ushujaa wake wote kwa miaka ile, na hata huo aliufanya kwa kukaa kimya.

Mwisho wa mwezi wifi alihama. Alikodi mkokoteni na mtu mwenye nguvu wa kuusukuma, akaanza kutoa magunia yeye na bintiye. Nilishuka ngazi za mbele. Zilikuwa kumi na nane. Sikuwahi kuzihesabu. Nilimkuta akifungua mkanda wa mashine kwa spana.

"Nikusaidie, wifi?"

"Utachafuka."

"Najua."

Akanionyesha gunia kwa kidevu. Nilipolinyanyua unga ulimwagika shingoni na ndani ya blauzi yangu nyeupe ya kazini, na kwa jasho lile ngozi ikaanza kuwaka moto. Nilipiga chafya hadi nikaegemea ukuta. Bintiye alicheka, mama yake hakucheka. Fasaha na Naam walikuwa dirishani. Naam alishuka mpaka ngazi ya mwisho, akasimama hapo mikono nyuma, akatazama juu, kisha akapanda tena. Wifi alimwona.

"Yule naye kazi yake ni nini?" aliuliza.

"Kukubali."

"Analipwa?" akasema, akasonya, akashika mpini wa mkokoteni.

Kibanda alichokipata kiko nyuma ya soko, bati tupu, joto la kukata pumzi, lakini hakuna mtu juu yake. Jumamosi yangu ya kwanza nilikwenda bila kuitwa. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Alinisogezea ungo wa pilipili kavu nizichambue, nitoe vikonyo na zilizooza. Nilichambua mpaka saa saba. Hakuniambia nisijishike uso, wala mimi, mjuzi wa pilipili niliyempinga Mhariri Mkuu, sikukumbuka. Nilijikuna jicho. Wifi aliniacha nihangaike na kulia kiasi alichoona kinatosha, ndipo akasema, "Mafuta ya kula yako pale. Maji yatakuzidishia."

Nikawa naenda kila Jumamosi. Wanawake hupanga foleni pale na mabakuli yao, na foleni haina haya. Huko ndiko nilikosikia walichokuwa wakikosa Fasaha na maboksi yake. Mmoja alimwita mwanawe pilipili kwa sababu hatulii, na kwa sauti yake ilikuwa sifa. Mwingine alisema mawifi zake ndio waliomtia mumewe pilipili hadi akampiga, na hapo hakukuwa na sifa wala chakula. Msusi mmoja alilalamika kwamba wateja wakiambiwa wana nywele za kipilipili wananuna, wakati nywele hizo hizo ndizo zinazoshika msuko. Wawili walikosana kabisa juu ya hoho. Mmoja alishika kwamba ni ile kubwa isiyowasha, ya kukatia kwenye kachumbari. Mwenzake aliyekulia kwingine alisema kwao hoho ndiyo ile kali yenyewe, na anayeiona tamu ulimi wake umekufa. Walivutana mpaka zamu zao zikawapita. Niliandika yote kwenye kadi nilizoziiba ofisini. Wifi aliniona nikiandika.

"Sasa unataka kuwauzia maneno yao wenyewe," alisema.

"Nataka yaingie kitabuni."

"Ni hivyo hivyo."

Yaliingia. Niliyapachika mwenyewe, moja moja, manga na hoho zote mbili, kabla kurasa hazijakwenda kiwandani. Kitabu kikatoka mwaka uliofuata, juzuu ya kwanza, A mpaka P, kizito, jalada la kijani, jina la Fasaha kwa herufi za kukunja. Walikodi ukumbi, wakaja walimu na watu wa redio. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi akaomba asomewe neno lolote la nyumbani, si la vitabuni, ili aone kama watoto wake wataelewa. Akachagua pilipili.

Fasaha alifungua kwa mbwembwe. Alianza, "Pilipili, tunda," akaona neno lililofuata, akasita. Alinitafuta kwa macho ukumbi mzima mpaka akanipata. Nilidhani atafunga kitabu. Badala yake alikohoa, akasoma: kali, la kuwasha. Akasoma hoho zote mbili. Akasoma mtoto asiyetulia na waume waliotiwa pilipili, na watu wakaanza kucheka kwa raha, wengine wakipigana vikumbo. Alipomaliza walimpigia makofi wakiwa wamesimama. Mtu wa redio akamuuliza aliyapata wapi maneno hai namna ile.

"Msomi wa kweli," alisema Fasaha, akishika ncha za koti, "haoni haya kushuka sokoni."

Naam, aliyekuwa kulia kwake, akasema naam.

Jumamosi yake nilimweleza wifi yote, tangu kukohoa mpaka makofi. Nilitaka acheke. Nilitaka pia, kusema kweli, aniambie nimefanya vizuri. Alikuwa akipepeta, na aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza.

"Na wewe ulipiga makofi?"

Nikafikiri kusema uongo. "Nilipiga."

"Ulisimama?"

"Watu wote walisimama, wifi."

Aliutikisa ungo mara mbili, pumba zikaruka mlangoni. Kisha akanisogezea mwingine, uliojaa, wa zile ndogo zenye kuwasha kuliko zote, akarudi kwenye mashine yake.